Karatasi ya Mchungaji Jesse Head: Namna Waamerika Wanavyotafuta Undugu wa Mababu Zao

Wengi wetu tukifika kwenye sura za Biblia zenye orodha ya majina tunaziruka haraka. Lakini tusome tena Ezra sura ya pili. Kati ya waliorudi kutoka utumwani Babeli kulikuwa na jamaa ambao hawakuweza kuonyesha kwamba wametoka katika Israeli. Tena kulikuwa na wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika vitabu vya ukoo wasiyaone, nao wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Andiko lilipokosekana, mtu alipoteza nafasi yake kati ya ndugu zake.

Jambo hilo halikwisha siku za Ezra. Kule Marekani mamilioni ya watu wanatafuta mpaka leo undugu wa mababu zao wa kwanza: walowezi waliovuka bahari kutoka Ulaya, wakahama tena na tena kuelekea magharibi. Hapa tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, tukifuata ukoo mmoja tu, ule wa Rais Abraham Lincoln. Tumeuchagua kwa sababu ndani yake mna mchungaji mmoja na karatasi yake ndogo, na kila mtumishi wa Mungu anapaswa kuijua habari hiyo.

Ukoo uliosahau ulikotoka

Mwaka 1859, kabla hajachaguliwa kuwa rais, Lincoln aliombwa aandike habari fupi za maisha yake. Kuhusu mababu alikuwa na machache ya kusema. Alijua kwamba babu yake, aliyeitwa pia Abraham, alitoka Virginia akahamia Kentucky, na kwamba kabla ya hapo ukoo ulitoka wilaya ya Berks huko Pennsylvania. Zaidi ya hapo njia ilifungwa. Alieleza kwamba watu walikwisha kujaribu kuwaunganisha na akina Lincoln wa upande wa kaskazini, Massachusetts, lakini hawakupata kitu isipokuwa majina yaliyofanana katika koo zote mbili: Mordecai, Solomon, Enoch, Abraham na mengine.

Mtu huyu alikuwa mwanasheria, naye hakujua baba ya babu wa babu yake alizaliwa wapi. Sababu ni kuhama. Leo tunajua kwamba Samuel Lincoln alitoka Uingereza mwaka 1637 akakaa Hingham, Massachusetts. Mwanawe Mordecai alibaki upande huo. Mjukuu, Mordecai wa pili, alikwenda New Jersey, kisha Pennsylvania. John, mwana wa huyo, alihamia Virginia. Abraham, mwana wa John, akavuka milima mpaka Kentucky. Thomas, mwana wa Abraham, akaenda Indiana na baadaye Illinois, pamoja na mwanawe aliyekuja kuwa rais. Ni vizazi saba, na karibu kila kizazi kiliacha makaburi yake nyuma. Sisi watu wa mashariki, ambao wengi tumezaliwa mahali pamoja, tukasoma pengine na kuoa kwingine, tunaelewa vizuri namna hiyo ya kusahau.

Ardhi, wosia na barua za kanisa

Waliopatanisha pande hizo mbili walianza na karatasi za ardhi. Mlowezi angeweza kukosa shule na hata kanisa la karibu, lakini shamba lilikuwa na hati. Mordecai wa pili alipokufa mwaka 1736, aliacha wosia uliompa mwanawe John ardhi iliyokuwa New Jersey. Baadaye John aliiuza ardhi hiyo, na hati ya mauzo ikataja ilivyomfikia kutoka kwa baba yake. Kwa njia hiyo mtu wa Pennsylvania aliyehamia Virginia aliungana na baba aliyetoka kaskazini. Kufanana kwa majina peke yake kusingeweza kutoa uhakika huo.

Mlango wa pili ni vitabu vya kanisa. Makutano ya Quaker, yaani Marafiki, ambao hata huku Kivu ya Kusini wana makanisa yao, yaliandika mambo kwa uangalifu mkubwa: kuzaliwa, ndoa, vifo, hata nidhamu. Mwamini aliyehama alipewa barua ya kumtambulisha kwa mkutano wa kule anakokwenda. Barua ile ilisema anatoka wapi na mkutano mpya uliandika kwamba amefika. Kwa sababu hiyo ukoo wa Daniel Boone, yule mlowezi maarufu aliyefungua njia ya Kentucky mwaka 1775, unafuatika vizuri kuliko koo nyingi za wakati wake. Babu yake alikuwa Quaker kutoka Devon, Uingereza.

Koo hizi mbili zilikuwa na ujirani, kisha undugu. Mwaka 1760 huko Pennsylvania, Anne Boone, binamu wa Daniel, aliolewa na Abraham Lincoln. Msomaji asishangae: huyu si rais wala si babu yake. Ni mdogo wa yule John, kwa baba mmoja na mama mwingine, aliyezaliwa baada ya baba yao kufariki. Basi tayari tuna Abraham Lincoln watatu: wa kwanza alikufa Pennsylvania mwaka 1806, wa pili aliuawa Kentucky mwaka 1786, wa tatu ni rais. Hapo ndipo watafutaji wengi huanguka. Wanaona jina, wanafurahi, wanaliunganisha. Mtafutaji mwenye busara huuliza kwanza: Je, umri unakubali? Alikuwa anakaa wapi mwaka ule? Mke wake aliitwa nani? Majirani na mashahidi wake ni akina nani?

Heshima ya mama

Sasa tufike kwa mchungaji wetu. Baba ya rais, Thomas, alikuwa mtoto wa miaka minane wakati baba yake alipouawa shambani na wenyeji wa asili, ambao nchi ile ya Kentucky ilikuwa mawindo yao kabla walowezi hawajaja kuikata mashamba. Sehemu kubwa ya mali ilikwenda kwa kaka mkubwa. Thomas akakua akifanya vibarua, akajifunza useremala, akamwoa Nancy Hanks.

Mwana wao alipokuwa mtu mkubwa katika siasa, maneno yakaanza. Watu walisema kwamba Thomas na Nancy hawakufunga ndoa halali, kwamba rais ni mtoto wa nje. Karatasi ya ndoa ilitafutwa katika wilaya ya Hardin, ambako wazazi hao walikaa baada ya kuoana, isipatikane. Nancy hakuweza kujitetea. Alikufa mwaka 1818, mwanawe akiwa na miaka tisa. Lincoln mwenyewe aliuawa mwaka 1865 bila kuiona karatasi hiyo.

Ilipatikana miaka zaidi ya kumi baada ya kifo chake. Ilikuwa katika wilaya nyingine, Washington, pale Kentucky. Mchungaji Mmethodisti aitwaye Jesse Head alikuwa amewafungisha ndoa tarehe 12 Juni 1806. Mwaka uliofuata aliandika orodha ya ndoa alizofungisha, akaipeleka kwa karani wa wilaya kama sheria ilivyotaka. Katika orodha hiyo, kati ya majina ya wakulima wengine, wamo Thomas Lincoln na Nancy Hanks. Ilionekana pia hati ya dhamana ya ndoa, iliyotiwa sahihi na Thomas mwenyewe siku mbili kabla ya arusi.

Jesse Head hakujua kwamba anaandika habari za wazazi wa rais. Kwake walikuwa seremala na binti maskini. Aliandika tu kwa sababu ilikuwa kazi yake, na baada ya miaka sabini karatasi yake ikanyamazisha masengenyo na kumrudishia mama mmoja heshima yake kaburini.

Kuhusu wazazi wa Nancy, ubishi uliendelea kwa muda mrefu zaidi, maana wanawake walitajwa kidogo sana katika hati za ardhi na wosia. Hapo sayansi ilisaidia. Kuna sehemu ya urithi wa mwili ambayo kila mtoto huipata kwa mama peke yake, na ni binti tu anayeipitisha mbele. Mwaka 2015 uchunguzi wa wazao wa kike wa ukoo huo ulithibitisha kwamba Nancy alikuwa binti wa Lucy Hanks, kama wengi walivyosema. Lakini kipimo hicho hakikufanya kazi peke yake. Kilihitaji kwanza watu ambao ukoo wao umeandikwa, ili damu ilinganishwe na maandishi.

Wasioandikwa majina

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuupita. Hesabu ya watu ya serikali ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini mpaka 1840 iliandika jina la mkuu wa nyumba tu. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Watumwa weusi, ambao jasho lao lilifungua mashamba mengi ya walowezi, waliandikwa katika orodha tofauti, 1850 na 1860: umri, jinsia, rangi, na jina la bwana wao. Majina yao wenyewe kwa kawaida hayakuandikwa. Ni katika hesabu ya 1870, baada ya uhuru, ndipo walio wengi walionekana kwa majina. Kwa hiyo mjukuu wa mtumwa anayetafuta mababu hufika mwaka 1870 akagonga ukuta. Akitaka kuuvuka, mara nyingi hulazimika kupekua wosia na karatasi za ukoo wa yule aliyemmiliki babu yake, ambamo watu waliandikwa pamoja na ng'ombe na vyombo.

Hapa pia kanisa lilisimama. Baada ya vita vya miaka ya 1861 hadi 1865, watu waliotoka utumwani walianza kutafuta mama, watoto na ndugu waliouzwa mbali. Waliandika matangazo katika magazeti, moja likiwa The Christian Recorder la kanisa la African Methodist Episcopal. Matangazo mengi yaliomba wachungaji wayasome mbele ya waamini: mama yangu aliitwa hivi, tuliachana mahali fulani, mwenye habari anijulishe. Leo matangazo yale yenyewe ni ushahidi wa ukoo. Wengi waliotangaza hawakuonana tena duniani, lakini wajukuu wanawapata humo.

Na sisi?

Mtume Paulo alimwagiza Timotheo awaonye watu wasishughulike na nasaba zisizo na mwisho zinazoleta mabishano. Onyo hilo linawafaa wanaotafuta mababu ili wajivune, na linatufaa sisi, maana tumeona kabila na ukoo vikigeuzwa silaha. Kutafuta ukoo ili kumdharau jirani ni dhambi. Kuandika jina la mtu ili asipotee ni huduma.

Basi tutazame madaftari yetu ya ubatizo, ndoa na mazishi. Je, tunaandika jina la mama kama tunavyoandika la baba? Je, tunataja kijiji alikotoka mtu, au tunaandika tu mahali alipokimbilia? Mwamini akihama, anapewa barua yenye habari kamili? Mtoto asiye na wazazi akiletwa na shangazi, jina la shangazi linaingia? Daftari liko moja tu ndani ya ofisi, ambalo moto au mvua vinaweza kulimaliza siku moja, au kuna nakala mahali pengine, hata ya picha za simu?

Wazee wa kanisa, makarani na wachungaji wenzetu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kalamu, daftari na moyo wa kutochagua nani anastahili kuandikwa. Jumapili hii, baada ya ibada, tufungue daftari la ndoa tuangalie kama arusi ya juzi imekwisha kuandikwa.