KIHENGE KIMEJAA, MTOTO JE?

Leo mimi bwana shamba wenu sisemi habari za mbolea wala mbegu. Leo nasema habari za mtoto.

Msimu mmoja nilifika nyumba moja mkoani Iringa. Shamba safi, kihenge kimejaa mahindi. Ndani alikuwamo mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nywele zimepauka, miguu imevimba, hachezi. Majirani walisema amebemendwa, na mama kwa aibu akawa anamficha. Ndugu zangu, yule hakubemendwa. Ule ni utapiamlo. Ni ugonjwa, na unatibika.

Mtauliza, utapiamlo penye mahindi? Ndiyo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa, mkoa unaolisha mingine, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu mnaziona wenyewe. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi ni maji. Akinywa kikombe ameshiba, lakini hakupata kitu. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anakula asubuhi na jioni tu. Na maharage na mayai yamekwenda mnadani.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, mtambue mapema. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, kisha achia. Vishimo vikibaki, mpeleke kituo cha afya leo, si kesho. Vilevile mhudumu akipima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 kwa utepe, akakuta chini ya sentimeta 11.5, hiyo ni hatari. Usimshindilie chakula kwanza ukidhani atapona. Mwili uliodhoofu hauwezi. Hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mwenye hamu ya kula na asiye na homa wala uvimbe huweza kupewa chakula tiba cha karanga na maziwa akale nyumbani. Hicho ni dawa yake, asigawiwe kaka zake.

Pili, aliyeanza kukonda, au aliyerudi kutoka hospitali, alishwe vizuri nyumbani. Hapa kina mama wanaopika pombe ni mafundi, maana kinachotakiwa ni kimea. Loweka ulezi safi usiku mmoja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika juani, saga. Wenye ukungu tupa. Pika uji mzito, epua, upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Utauona unalegea wenyewe bila kuongeza maji. Rudisha motoni uchemke tena. Sasa mtoto anakunywa uji mlaini wenye unga mwingi. Tia karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta. Mtoto aliyefikisha miezi 9 ale mara tatu au nne kwa siku, na ziwa aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Tatu, baba, neno hili ni lako. Kabla ya kuuza maharage, tenga debe la mtoto. Na msimu wa palizi, mama apunguziwe kazi arudi mapema kumlisha.

Hayo si maneno matupu. Kati ya mwaka 1983 na 1988 vijiji vya Iringa vilipima watoto uzito, vikajadili matokeo mkutanoni, na vikaweka mahali pa kulishia watoto wazazi wakiwa shambani. Watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6 hivi katika kila 100 mpaka 2 hivi. Njia tunayo, tuifuate tena.

Yule mtoto alilazwa majuma matatu. Nilipopita wakati wa palizi, alikuwa akifukuza kuku uani.

Basi ndugu wasikilizaji, jioni hii kabla ya kulala, tazameni miguu ya watoto wenu. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.