Shujaa Asiye na Vazi

Anayesafiri kwa matatu kati ya Thika na Ruiru hahitaji kuuliza mashujaa wa vijana wetu ni akina nani. Wamechorwa ubavuni mwa magari: wanamuziki, wachezaji kandanda na majabali wa sinema. Siku hizi wapo vijana waliopiga hatua zaidi. Hushona mavazi ya wahusika wa katuni za Kijapani na filamu za Kimarekani, wakayavaa na kwenda kujionyesha katika maonyesho ya Nairobi. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambamo aliigiza Lupita Nyong'o wetu, iliuchochea moto huo.

Wazee kadhaa huuona mchezo huu kuwa upuuzi wa ughaibuni. Sikubaliani nao. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani yetu ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Wachezaji walivaa kama askari na mabaharia wa Kizungu, wakatunukiana vyeo. Vilipozuka Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1914, askari na wapagazi waliisambaza beni hadi bara. Kujivika vazi la mwingine, basi, si jambo geni kwetu. Swali langu ni hili: tunamvaa nani, na ni nani tusiyemvaa?

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilianza kukusanya wapagazi wa kubebea jeshi risasi na chakula katika vita dhidi ya Wajerumani. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu washurutishwe, na mwaka 1917 msako ukapamba moto. Kiambu, Fort Hall (ndiyo Murang'a) na Machakos, wilaya zilizouzunguka mji wa Thika, zilitoa vijana kwa maelfu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Kwa hesabu rasmi, wapagazi waliofia upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki walizidi 90,000.

Mnara uliozinduliwa Nairobi mwaka 1928 una sanamu ya mpagazi pamoja na askari. Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la baba yao. Hata hivyo, halikuandikwa jina hata moja! Ni mwaka 2021 tu ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina, na huenda hawakuenziwa kabisa.

Askari wa keya alikuwa na kofia, mkanda na bunduki. Mpagazi alikuwa na blanketi, kibati chenye nambari na mzigo wa kilo zipatazo 25. Hakuwa na vazi la kuhusudiwa, na kumbukumbu, kwa bahati mbaya, hupenda vazi. Walowezi wa Thika walipata kitabu cha Elspeth Huxley mwaka 1959, na mwaka 1981 televisheni ikawavisha upya. Jenerali Kago wa Mau Mau amepata barabara mjini Thika. Mpagazi sijamwonea hata kichochoro.

Huenda mtu akasema kwamba mateso si jambo la kuigiza. Naam, mzaha juu ya wafu ni haramu. Lakini mshonaji makini hatafiti mzaha. Atataka kujua blanketi lilikuwa la namna gani, kibati kilivaliwa vipi, mzigo ulifungwaje. Akishayajua hayo, ameshasoma historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Vijana wa Thika na Ruiru, sindano mnayo na ufundi mnao. Oktoba 20, Sikukuu ya Mashujaa, mmoja wenu na avae blanketi. Kabla ya kulivaa, awaulize wazee wa ukoo wake jina la yule aliyekwenda Kariokor asirudi, aliandike kifuani. Mnara haukuliandika.