Gari linakunywa wese? Usikubali kuingizwa mjini!

Leo nakusimulia nilivyoingizwa mjini mchana kweupe, hapa hapa Babati, na huku najiona mjanja.

Nina Corolla ya zamani. Kazi yake ni kwenda Arusha kufuata mzigo na kurudi, kama kilometa 340 hivi. Kila safari ilikuwa inameza lita 34. Kilometa kumi kwa lita, kwa Corolla, ni aibu! Na wakati huo mdogo wangu kachaguliwa kidato cha tano, fomu ya mahitaji iko mezani: godoro, ndoo, sare. Wa kulipa ni mimi.

Fundi mmoja akanipa somo. "Kaka, tulirekebishe hili, litakunywa nusu tu." Akang'oa themostati, eti inaibana injini. Akafunga sumaku kwenye mpira wa petroli, eti mafuta yaungue vizuri. Shilingi 150,000 zikayeyuka. Zilikuwa za godoro.

Nikajaza tangi mpaka juu, nikaenda Arusha, nikarudi kujaza pampu ile ile. Lita 38! Jamani, nilitamani kulia.

Nikamwendea mzee mmoja aliyezeekea gereji. Alipofungua boneti akacheka.

"Mwanangu, petroli ina chuma gani cha kuvutwa na sumaku?"

Nikabaki kimya. Mzee alikuwa sahihi. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, limeshapima vifaa zaidi ya 100 vya aina hii tangu miaka ya 1970, na havikuleta nafuu ya maana.

Themostati nayo si pambo. Inazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Ukiing'oa, injini inabaki baridi, hasa asubuhi za Julai huku chini ya mlima Kwaraa. Gari la EFI likihisi baridi linazidi kumwaga petroli. Ndiyo maana lita zangu zilipanda badala ya kushuka.

Mzee hakuongeza kitu, alirudisha tu vilivyopungua. Themostati mpya, plagi, filta ya hewa iliyokuwa imejaa vumbi la Dareda. Akajaza matairi upepo unaotakiwa. Keria tupu niliyokuwa natembea nayo juu kwa mbwembwe ikashushwa, maana inapambana na upepo bure. Jumla shilingi 90,000.

"Sasa rekebisha na mguu wako," akasema. Kweli, ile lami ya Minjingu mpaka Makuyuni nilikuwa nakanyaga 110. Safari hii nikashika 80.

Nilipojaza tangi, lita 26. Kilometa 13 kwa lita! Nimeokoa lita nane kwa safari. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hizo ni 24,000. Safari nne tu, pesa ya mzee imerudi na chenji juu.

Utaniuliza, na gesi je? Hiyo si utapeli, ni kitu cha kweli. Gesi ya Songo Songo, Lindi, ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na siku hizi teksi na bajaji nyingi za huko zinaitumia. Kufunga mtungi na mfumo wake kwenye gari dogo kunaweza kugharimu karibu shilingi milioni mbili. Dereva anayezunguka Dar kutwa anazirudisha. Lakini bomba hilo halijafika Babati, na vituo vya kujazia vimejazana zaidi Dar. Ukifunga huku utakuwa unabeba mtungi mtupu kwenye buti, na uzito nao unakula wese!

Kwa hiyo kabla hujafungiwa chochote, pima mwenyewe. Jaza tangi, tembea, jaza tena, gawa kilometa kwa lita. Anayekuuzia kifaa akikataa kipimo hicho, muage kwa amani.

Mimi somo nililipia. Mdogo wangu aliripoti shule bila godoro, akalalia la kuazima wiki tatu mpaka nilipompelekea lake. Hajawahi kunilaumu, lakini kila nikiiona ile sumaku kwenye droo, roho inaniuma.

Kwa leo naishia hapa. Endesha salama!