Lilanga na Reinata: ndugu wa mto Ruvuma

Hawakuzaliwa tumbo moja. George Lilanga alizaliwa 1934 wilayani Masasi, mkoa wetu wa Mtwara. Reinata Sadimba alizaliwa 1945 kijijini Nemu, Mueda, ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji. Lakini mwambie Mmakonde kwamba mto ule unatenganisha ndugu, atakucheka. Wazazi wa Lilanga wenyewe asili yao ni Msumbiji.

Tuanze na kaka. Alianza kuchonga mizizi ya muhogo, akahamia miti migumu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Dar kutafuta maisha. Ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji, akamtafutia kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Mlinzi wa usiku! Hebu fikiria, msomaji, analinda kazi za wenzake huku za kwake zimemjaa kichwani. Walipoziona, mambo yakabadilika. Mashetani yake yenye masikio makubwa na vitumbo vya mbele, yanayocheza na kupiga soga kama watu wa mtaani, yakafika mpaka Washington mwaka 1978. Uzeeni kisukari kilimnyang'anya miguu, lakini hakuacha kazi. Wasaidizi walimzunguka naye akaendelea. Alifariki Juni 2005.

Sasa dada, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Kwa mila ya Kimakonde gogo ni la mwanaume, udongo ni wa mwanamke, na udongo huo ni wa vyungu tu, si wa sanamu. Reinata alijifunza vyungu kwa mama yake, akaolewa, akashiriki vita vya ukombozi upande wa FRELIMO. Mwaka 1975, Msumbiji inapata uhuru, ndoa yake ikavunjika.

Wengi wetu tukiachwa tunabadilisha namba ya simu na mtindo wa nywele. Yeye alibadilisha chungu. Kikaota kichwa, kikaota macho, mikono, matiti, mtoto tumboni. Usoni akachora nembo, zile chale za wazee wa Kimakonde. Mwanamke kufinyanga watu! Kazi ya aina hiyo haikuzoeleka, na mwanamke aliyeachika hakuwa na wa kumkingia kifua.

Mwaka 1980 alihamia Tanzania, akaishi Dar es Salaam hadi 1992 aliporudi kwao na kuweka karakana Maputo, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili. Sanamu zake, zilizopakwa grafiti zikang'aa kijivu kama chuma, zimeonyeshwa hadi Ulaya.

Tangu 2010 kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, unavuka Ruvuma kwa gari. Mkipanga safari ya wawili kusini, msiishie kwenye fukwe za Msimbati na Mikindani. Pandeni pia Masasi, mkawatazame akina mama wanavyokanda udongo.