Majumba ya Mikutano ya Arusha

Ukifika Arusha mjini, uliza njia ya kwenda AICC. Wengi watakuonyesha. Utakuta majumba matatu ya ghorofa yamesimama pamoja. Moja linaitwa Kilimanjaro, moja Serengeti na moja Ngorongoro. Hiki ndicho Kituo cha Mikutano cha Kimataifa.

Lakini majumba haya hayakujengwa kwa ajili ya mikutano ya dunia. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Nchi hizi zilikuwa na reli moja, bandari, posta na ndege za pamoja. Makao makuu yakawekwa Arusha. Katika miaka ya 1970 majumba haya yakajengwa yawe ofisi za Jumuiya.

Kumbe ndugu walikuwa wamekwisha kugombana. Waligombania mapato. Siasa zao zilikuwa mbalimbali. Tena, baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye mkutanoni. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Sasa fikiri. Umejenga nyumba kubwa, na wenyewe wametawanyika. Utafanya nini? Mwaka 1978 Serikali ya Tanzania iliunda shirika la kuyaendesha majumba hayo. Kumbi zikakodishwa kwa mikutano, na vyumba vikakodishwa kwa ofisi.

Mkulima wa Meru ataelewa jambo hili upesi. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini maziwa huuzwa kila siku. Mkutano ni kama kahawa. Kodi ya ofisi ni kama maziwa.

Watu wa nchi jirani walikuja hapa kutafuta amani. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na wapiganaji walitia sahihi mapatano Arusha. Mapatano hayo hayakuzuia mauaji. Mwezi wa Aprili 1994 watu walianza kuuawa kwa maelfu, kwa sababu tu walikuwa Watutsi. Waliopinga mauaji waliuawa pia.

Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama, nayo ikafanya kazi ndani ya majumba haya. Mashahidi wengine waliogopa kulipiziwa kisasi, wakasema nyuma ya pazia. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, alionekana na hatia ya mauaji ya kimbari. Katika hukumu hiyo, kunajisi wanawake nako kulihesabiwa kuwa njia ya kuangamiza kabila. Wanawake wa Taba ndio waliotoa ushahidi. Si jambo dogo mtu wa kijijini kusimama mbele ya majaji na kusema yaliyompata. Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015.

Warundi nao walizungumza Arusha, kwanza wakiongozwa na Mwalimu Nyerere. Alipofariki mwaka 1999, Nelson Mandela akashika kazi hiyo. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000.

Na Jumuiya je? Ilirudi. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007. Ofisi zake zilikuwa ndani ya majumba yale yale, lakini safari hii Jumuiya ilikuwa mpangaji. Mwaka 2012 ilihamia kwenye jengo lake yenyewe, hapo hapo Arusha.