Je, Wajua? Kibamba cha Tezi Kinachoshusha Omo

Boti ya faiba ya mita 5, yenye abiria sita na magunia mawili matatu, hutoka gatini taratibu bila shida yoyote. Shida huanza nahodha anapozungusha mkono wa mashine hadi mwisho. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inadidimia; omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka mpaka inamziba asione mbele, mashine inanguruma, na mwendo hauongezeki kwa kadiri ya kelele wala ya petroli inayoungua. Mzigo ukiwa wa wastani, baada ya sekunde chache omo hulala, sauti ya mashine hulainika na boti huanza kuteleza juu ya maji. Mzigo ukizidi, boti hubaki imeinua pua hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari.

Je, wajua kwamba boti iliyoinua pua namna hiyo huwa inapanda mlima? Mlima wenyewe ni wa maji, na aliyeujenga ni boti yenyewe. Chombo chochote kinachosukuma maji huzua wimbi omoni, na nyuma ya wimbi hilo hufuata jingine. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo umbali kati ya kilele na kilele unavyorefuka. Kwa boti ya mita 5, ikifika mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, wimbi huwa na urefu ule ule wa boti: kilele kimoja kipo omoni, cha pili tezini. Ongeza mwendo kidogo tu, kilele cha pili kinaachwa nyuma. Tezi inatumbukia bondeni, omo inabaki ikikwea kilele cha kwanza, nacho hakifikiki kwa sababu kinakwenda pamoja nayo.

Jahazi la mita 20 hufika hali hiyo kwenye kilomita 20 kwa saa, maana ukizidisha urefu mara nne mwendo huongezeka mara mbili. Mwingereza William Froude ndiye aliyeweka msingi wa hesabu za aina hii kwa kuvuta mifano midogo ya meli ndani ya birika refu la maji alilojengewa Torquay, likaanza kazi mwaka 1872. Mzee huyo, kwa taarifa tu, alifia Afrika, huko Simon's Town, Afrika Kusini, mwaka 1879, alikokwenda kupumzika.

Jahazi halina haja ya kuushinda mlima huo. Limeundwa likate maji, na umbo lake la nyuma haliliruhusu kufanya vingine hata ukilifunga mashine tatu. Boti ya faiba yenye tumbo bapa kwa nyuma ni kitu kingine. Ikisukumwa vya kutosha, maji yanayogonga tumbo lake huibeba, na sehemu kubwa ya bodi hutoka majini. Hapo mlima umeshaachwa nyuma. Daniel Savitsky, mhandisi wa Stevens Institute of Technology huko Marekani, alichapisha mwaka 1964 fomula za boti za namna hii ambazo wabunifu wanazitumia mpaka leo. Moja ya mambo yanayotoka katika fomula zake ni kwamba tumbo la boti hupata upinzani mdogo zaidi likiwa limeinama kama digrii 4 hivi kwenda juu. Pua ikiinuka kuliko hapo, boti inayasukuma maji badala ya kuyapanda. Ikishuka mno, tumbo zima linalowa na msuguano unaongezeka. Nahodha hana kipimo cha digrii, lakini makalio yake yanajua.

Kibamba cha tezi kipo kwa ajili ya pembe hiyo tu. Ni kipande bapa cha stenlesi au plastiki ngumu, kinachofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini kabisa wa tezi, kimoja kulia na kimoja kushoto, mashine ikiwa katikati. Kikinyooka sambamba na tumbo la boti hakifanyi lolote la maana. Kikiinamishwa chini, maji yanayotoka kwa kasi chini ya boti hukigonga na kukisukuma juu. Tezi inainuka, na omo haina budi kushuka. Hakiongezi nguvu ya mashine hata chembe. Kinachobadilika ni mahali boti inapokalia.

Vibamba viwili vya sentimita 30 kwa 23 kila kimoja, vikiinamishwa digrii 10, boti ikienda kilomita 20 kwa saa, huinua tezi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Si haba kwa vipande viwili vinavyoingia kwenye mkoba. Ila nguvu ya maji hukua kwa mraba wa mwendo: boti ikifika kilomita 40 kwa saa bila vibamba kuguswa, zile kilo 100 zimekuwa 400. Omo itazikwa majini na usukani utakuwa mzito. Ndiyo maana kwenye boti kubwa vibamba huendeshwa kwa pampu ya mafuta au mota ya umeme, nahodha akibonyeza vitufe viwili kwa kidole. Kwa boti ndogo zisizo na umeme wa kutosha kuna vile vyenye springi au mtungi wa gesi: springi huvishusha mwendo ukiwa mdogo, na maji yenyewe huvirudisha juu mwendo ukiongezeka. Mimi naona hii ndiyo akili kubwa katika jambo zima, kwa sababu kinachohitaji kurekebishwa ndicho kinachorekebisha.

Kwa kuwa viko viwili, kila kimoja kinaweza kufanya kazi peke yake. Shusha cha kushoto, ubavu wa kushoto unainuka. Abiria mnene akikaa kulia na kukataa kuhama, umempatia dawa. Upepo wa ubavuni nao una kioja chake: boti ya kasi yenye tumbo la V hulalia upande ule upepo unakotoka, si upande unakokwenda kama mtu angedhani. Nahodha huikatia usukani upeponi ili isichukuliwe, na boti ikikata kona hulala ndani ya kona. Kibamba kimoja kikishushwa kidogo, boti hukaa sawa.

Ndugu yake kibamba hafungwi kwenye boti bali kwenye mashine. Tazama mashine yoyote iliyoinuliwa kutoka majini: juu ya propela, kama upana wa kiganja, kuna sahani bapa ya aluminiamu iliyotoka pamoja na mguu wa mashine kiwandani. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu ya maji. Propela ikivuta hewa hukosa cha kushika; mashine hupiga kelele kali ya ghafla na boti hupoteza mwendo, jambo linalotokea sana kwenye kona na kwenye mawimbi mafupi. Mafundi wengi huiita kavitesheni, lakini kavitesheni ni balaa tofauti: ni maji kuchemka yakiwa baridi kwa sababu kanieneo nyuma ya panga la propela imeshuka mno, na mapovu yake yakipasuka hutafuna chuma. Sahani ile haizuii kavitesheni.

Juu ya sahani hiyo ndipo watu wanapofunga mabawa ya plastiki, jozi moja au kipande kimoja kilichotanuka kulia na kushoto, yanayouzwa kwa jina la haidrofoili. Jina ni kubwa kuliko kazi. Haidrofoili kamili ni bawa linaloibeba boti nzima mpaka bodi yote inaning'inia hewani. Mwitalia Enrico Forlanini alifanya hivyo mwaka 1906 katika Ziwa Maggiore, akafikia kilomita 68 kwa saa. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikwenda kukipanda chombo cha Forlanini mwaka 1911 pamoja na mhandisi wake Casey Baldwin. Walirudi Baddeck, Nova Scotia, nchini Kanada, wakaunda chao walichokiita HD-4. Tarehe 9 Septemba 1919 kilikimbia kilomita 114 kwa saa kikisukumwa na injini mbili za nguvu farasi 350 kila moja, ikawa rekodi ya wakati huo.

Mabawa ya mashine ndogo hayana makuu hayo. Yanainua tezi tu, kwa kanuni ile ile ya bawa. Maji yana uzito wa karibu mara 800 ya hewa, ndiyo sababu bawa la plastiki lenye upana wa sahani ya wali linatosha kuonekana kazi yake. Yana faida mbili juu ya kibamba: bei ni ndogo, na yanapanua ile sahani ya kuzuia hewa, kwa hiyo propela hushika vizuri zaidi kwenye kona. Hasara zake ni zaidi ya mbili. Hayawezi kurekebisha boti iliyolala upande. Yanageuka pamoja na mashine, hivyo kwenye kona kali ya kasi kubwa yanaweza kuivuta tezi vibaya. Na mashine ikiwa imefungwa chini mno, yanabaki ndani ya maji muda wote na kupunguza mwendo wa juu, ilhali mashine iliyofungwa kwa kimo sahihi huyaacha yatoke majini boti ikishapanda. Kimo hicho ni ile sahani kuwa usawa wa chini ya boti, au juu yake kwa kisio la sentimita 2 hivi.

Sasa niseme lililo moyoni. Boti nyingi zinazofungwa vitu hivi hazikuvihitaji. Rudi kwenye zile kilo 100 za vibamba kwenye mwendo wa kilomita 20. Zinafanya kazi zikiwa kama mita 1.8 nyuma ya kitovu cha uzito wa boti. Mtu mzima wa kilo 70 akitoka benchi la nyuma kwenda la mbele, mita 2 na nusu, anaishusha omo kwa nguvu ya mzunguko karibu ile ile. Bure. Nahodha anayepaza sauti, "Jamani, wawili waje mbele!" anafanya hesabu ya Savitsky bila karatasi. Madumu mawili ya petroli ya lita 20 ni kilo 30 nyingine, na kwa mazoea huwekwa nyuma kabisa, karibu na mpira wa mafuta, pamoja na nanga, maji ya kunywa na nahodha mwenyewe. Kisha watu wanashangaa omo inaangalia mawingu.

La pili la bure ni pini. Mashine ndogo isiyo na mota ya kuinamisha ina matundu kadhaa kwenye kibano chake, na pini inayopita humo ndiyo inayoamua mashine ikae wima au itanuke nyuma. Ukiisogeza pini tundu moja kuelekea boti, mashine ikiwa imezimwa, propela inasukuma kwa pembe inayoishusha omo. Boti inayodundadunda, omo juu, omo chini, kwa mpigo usiokatika hata bahari ikiwa shwari, mara nyingi hupona kwa tundu hilo moja. Nimeona pini zilizoganda kwa chumvi kiasi cha kugongwa kwa nyundo, dalili kwamba hakuna aliyezigusa tangu mashine ifungwe.

Ukishamaliza hayo mawili na boti bado imeinua pua, labda kwa sababu umebadilisha mashine ya zamani ya tuu-stroku ukaweka ya foo-stroku iliyo nzito zaidi, hapo kibamba au bawa lina kazi. Lakini angalia kabla ya kutoboa. Mabawa mengi hufungwa kwa boliti nne zinazopita katika sahani ya mashine. Boliti ni stenlesi, sahani ni aluminiamu, na maji ya chumvi yakizikutanisha metali hizo mbili, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba kuzunguka kichwa cha boliti. Ikwangue kwa kisu, chini yake kuna unga mweupe, na shimo limeshakuwa pana kuliko boliti yenyewe. Yako mabawa yanayobana sahani bila kutoboa. Ni afadhali kuyatafuta hayo. Vibamba navyo huingia kwa skrubu kwenye tezi, chini ya usawa wa maji, na ndani ya faiba ya tezi mara nyingi mna plaiwudi. Skrubu ikiwekwa bila dawa ya kuziba, maji hupenya polepole, mbao inaoza ndani kwa ndani, na mwenye boti hujua siku mashine inapoanza kuyumba.

Pwani yetu ina lake pia. Maji hupwa hapa mita 3 au zaidi wakati wa bamvua, na boti huachwa zikikalia mchanga kila siku. Kibamba kinachotokeza nyuma ya tezi kinaweza kugusa mchanga kwanza, na abiria anayepandia nyuma atakiona ni ngazi nzuri sana. Kikipinda digrii tano tu upande mmoja, boti itavuta upande siku zote na nahodha ataulaumu usukani.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Wakati wa kusi, boti ikiingia mlangoni, pale mwamba ulipokatika, na mawimbi yakiisukuma kutoka nyuma, omo inatakiwa iwe nyepesi. Ikiwa vibamba vimeshushwa, boti ikiteremka wimbi huchimba maji kwa omo, tezi iliyoinuliwa inapokonywa na wimbi lifuatalo, na chombo kinageuka ubavu mbele ya bahari. Kabla ya mlango, basi, vibamba vinapandishwa juu kabisa, mwendo unapunguzwa, na wale wawili walioitwa mbele wanarudishwa nyuma.