Potwe wa Mafia na Maji ya Rufiji

Mgeni anayekwenda Mafia kwa kawaida huelekezwa upande wa kusini-mashariki, kwenye Ghuba ya Chole, ambako matumbawe na maji maangavu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ya kwanza ya aina yake Tanzania. Sina ugomvi na matumbawe hayo. Lakini maajabu yanayoitofautisha Mafia na visiwa vingine vya mwambao yako upande wa pili, mbele ya Kilindoni, ambako maji ni ya kijani kizito na mwogeleaji huenda asimwone samaki wa mita 7 mpaka amkaribie kabisa. Hapo ndipo anapolisha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hoja yangu ni kwamba yupo hapo kwa sababu maji yenyewe si maangavu.

Ng'ambo ya mkondo, Mto Rufiji huingia baharini kupitia delta yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Maji yake hubeba udongo na virutubisho vya bara. Planktoni hustawi, uduvi na dagaa huzifuata, naye potwe huwafuata hao. Kwa umbo lake lote hilo, potwe hatafuni: huachama kinywa karibu na uso wa maji na kuchuja chakula kwa matamvua, na pale uduvi walipojazana husimama wima, mkia chini, akigugumia.

Zamani ilidhaniwa kwamba ni mpita njia tu, kwa kuwa huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, kisha hutoweka. Kama ingekuwa hivyo, hoja yangu ingeyumba. Ila watafiti waliowafunga vifaa vya mawimbi ya sauti waligundua kwamba wengi hawaendi kokote. Miezi mingine husogea kidogo kutoka ufukweni na kuzama zaidi. Anayesema tope huua matumbawe naye anasema kweli, lakini miamba inayosifiwa zaidi iko upande uliokingwa na kisiwa chenyewe. Mafia ina bahari mbili, na kila moja ina neema yake.

Tatizo ni kwamba ulinzi umeegemea bahari moja. Hifadhi inakumbatia matumbawe, huku malisho ya Kilindoni yakibaki nje ya mpaka wake. Huko wavuvi wa dagaa huzungusha nyavu, na potwe anayefuata chakula hichohicho hujikuta ndani. Wapo wanaotaka wavuvi waondolewe. Mimi naona hilo ni kosa, kwani wavu unaweza kushushwa ukingo samaki akatoka, na mvuvi ndiye wa kwanza kumwona. Jambo zito zaidi liko mbali na kisiwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwa ajili ya umeme wa megawati 2,115, lina manufaa yasiyopingika, lakini bwawa lolote hunasa udongo na kubadili nyakati za mafuriko. Kwa hiyo inapopangwa ratiba ya kufungulia maji, malisho ya potwe yahesabiwe pamoja na mpunga na kambamiti wa delta.